Nilidanganya ni wimbo ya tate yangu, sasa mwenye kuijua amenipata

Admin, ficha jina yangu. Quartier, mutaa wetu, unaweza kusema Bigo ya hapa Bunia, kule tuko wengi. Miye niko kijana wa miaka 22. Masomo niliachia mu deuxième secondaire sababu hesabu na miye hatukupatana, lakini filimbi ya bati, mu Ituri nzima hakuna mutu wa kunifikia. Si majivuno. Enda uulize.

Tuko orchestre ya watu watatu na musicheke: tunapiga muziki ya Irlande, ile ya vijiji vyao vya zamani, tunaichanganya na punki, ile ya gitare ya fujo na kupiga kelele. Padiri mumoja muzee wa Irlande alitufundisha filimbi na violon ku parokia mbele arudie kwao. Kisha mwenzetu Dieu-Merci akaona punki mu telefone, akafunga gitare yake ku baffle, ile spika kubwa ya kanisa, akapiga dansi ya padiri mbio-mbio mupaka muzee mumoja wa korali akaanguka ku benchi. Walitufukuza siku ile ile. Orchestre ikazaliwa ku barabara.

Mwanzo walituita wazimu. Ku ndoa moja baba ya bibi-arusi alikuja mwenyewe kuzima jeneretere: "Vijana, mumekuja kuoza mutoto wangu ao kumuzika?" Leo ule baba watoto wake wanaruka na video zetu, na hata watu wa muji wa Mahagi wanatutafuta tupige kwao.

Sasa shida yangu. Padiri alituachia sheria moja: wimbo ya namna hii haitungwe, inatoka mu kinywa ya tate, babu yako. Kila mutu alete ya kwao, tuiongezee mbio. Neema, dada wa violon, alileta wimbo ya kulima ya kwao Djugu, kule walitoka wakikimbia vita. Dieu-Merci alileta ya kubembeleza mutoto. Miye ba tate wangu wote walikufa mbele nizaliwe. Sikuwa na kitu, na miye sipendi kuonekana sina kitu. Nikapiga melodi moja, nikasema, "Hii ni ya tate." Neema akafunga macho. "Ndugu yangu, tate yako alikuwa mutu mukubwa." Ndiyo imekuwa wimbo yetu ya kujulikana.

Haikuwa ya tate.

Nikiwa na miaka 16 nilienda kutafuta zahabu. Watu wa silaha wakatukamata njiani, wakatubebesha mizigo. Wakitembea walikuwa wanapiga muluzi, melodi moja tu, asubuhi mupaka magaribi. Na miye na hii kinywa yangu isiyotulia, nikaipiga pamoja nao. Nikaipamba hata. Mukubwa wao akacheka: "Huyu petit anatushinda siye wote. Apite mbele." Kesho yake tuliingia mu kijiji kimoja miye niko mbele, napiga muluzi. Kile niliona pale sitaandika hapa. Siku ya pili nilitoroka, nikarudia Bunia. Sikuambia mutu, hata mama.

Mwezi uliopita tulipiga ku kambi ya wakimbizi, saa tisa ya mchana. Mama ya Neema, mwenye kuishi pale, alikaa mbele na kitenge mupya, anaonyesha majirani: "Ule ni mutoto wangu! Mumuone!" Ile wimbo inaanza na filimbi peke yake, gitare inaingia kisha. Gitare ilikuwa haijaingia bado. Yule mama alisimama, akanyakua mutoto wa mutu mwingine, akakimbia. Wamama wote nyuma yake. Walibakiza kandambili na masafuria ku moto. Dieu-Merci alikuwa anacheka, "Punki imewashinda!" Miye niliangusha filimbi.

Kesho yake Neema akakuja. "Mama anasema wale walioua kwetu walikuja na ile muluzi. Anasema nikuulize tate yako alikuwa mutu wa wapi."

"Wa Mahagi," nikasema. "Mama yako aliogopa baffle tu, umuambie apunguze hofu." Nikacheka na kucheka. Yeye hakucheka. Akafunga violon yake mu kitambaa, akaenda.

Juma iliyopita nikakamata moto, pikipiki ya kubeba watu, ku boulevard, nirudie Bigo. Motari, mwenye kuiendesha, anapiga muluzi. Wimbo yetu! Nikavimba kichwa: "Kumbe muzee unatujua!" Akaendelea mupaka kipande ya mwisho, ile sijawahi kupiga mbele ya mutu tangu kule porini. Akapunguza mwendo, akageuza kichwa na furaha yote, kama mutu amekutana na mutoto wa dada yake.

"Petit wa mbele! Umekomaa! Lakini ile wimbo uliikata mukia, kwa nini?"

Nikamuambia aangalie barabara.

"Samedi nitakuja kuwashangilia," akasema. "Nitakusalimia mbele ya wenzako, wajue tulitoka mbali."

Sijui kama ni salamu ao ni kitisho. Hiyo samedi, Jumamosi, tunapiga mu salle kubwa ya muziki, watu wa Mahagi wanakuja kutusikiliza na wanataka ile wimbo. Mama ya Neema naye amesema atakuja na wamama watatu wa kwao, wasikie vizuri. Na kila asubuhi ile moto iko ku mulango wetu: "Petit, tunaenda?" Ninapanda. Kukataa kunaniogopesha zaidi.

Nikimuambia Neema, atasema niliongoza wauaji. Nikinyamaza, ule mutu atamuambia kwa kunikumbatia tu. Nikikimbia, nitakuwa nimekubali. Na kile kijiji, sijui kama ni kwao Neema. Jina ya kijiji sijawahi kumuuliza motari, ninaogopa atanijibu.

Ndugu zangu munaosoma, mutanitukana kisha, nimezoea. Kwanza munishauri nifanye nini. Leo ni jeudi, inabakia siku mbili tu.