Shujaa Aliyeachwa Bila Kuzikwa

Honi ya meli ikilia pale gatini Bukoba, hadi leo mimi huacha nilichoshika, nikaanza kuimba. Msinicheke. Ngojeni niwaambie.

Babu yangu alikuwa mpiga enanga, ule ubao wa nyuzi, hodari kuliko wote wa kijiji chetu cha Kaagya. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wetu. Wenzake walikwaruza tu. Enzi hizo za Mwingereza, karani wa boma akamwita mjini awaimbie Wazungu walioshuka melini kutembea. Nikaenda naye, mapengo mdomoni, nimebeba kibuyu chake cha pombe ya ndizi.

Babu alikuwa na sharti moja: ukimuua shujaa ndani ya wimbo, umzike. Ukimwacha nyasini, atakuja kukaa mahali pako, nawe ukalale pake.

Basi shujaa ndiyo kwanza ameanguka, mikuki imemjaa mgongoni, meli ikapiga honi. Wazungu wakainuka.

“Mzee, inatosha,” akasema karani.

“Hajazikwa, mwanangu.”

“Atajizika! Mama huyu wa Kizungu ameipenda enanga yako. Anakwenda nayo kwao, iwe ukumbusho.”

Akaitoa mapajani mwa babu. Nani angebishana na boma?

Tukashika njia ya nyumbani. Babu akakohoa mara moja tu, nikahisi mkojo unanitoka. Shujaa ameanza kazi. Juu ya kilima, babu akajilaza kando ya njia, kifudifudi, kama maiti ya kwenye wimbo. Nikapiga yowe.

“Babu, usilale! Mzike!”

“Kwa nyuzi zipi, mjukuu wangu?”

Nikazitoa kwa mdomo. Ti-ndi-ti, ti-ndi-ti, mate yakiruka kwenye mapengo. Babu akainua kichwa, akanikodolea macho, kisha akaanza kuimba.

Wanawake waliobeba ndizi wakasimama. “Loo, mzee na kichaa wake!”

Tukawaacha wacheke. Nililia huku napiga, hadi udongo wa mwisho ukamfunika shujaa.

Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo, nami nikajidai kwamba nimemwokoa. Ukubwani ndipo nilipoelewa yale macho. Enanga ilikuwa ya wanaume, nami msichana. Hakuna aliyewahi kunifundisha hata uzi mmoja. Siku hiyo alijua kuna mtu anaujua wimbo mzima.

Siku hizi wageni wa mjini wanaotafuta mambo ya kale huletwa kwangu. Anayewaongoza hutazama saa, akasema, “Bibi, fupisha.” Naimba. Lakini shujaa yule simuui mpaka wote wakae chini.