Aya Niliyomtungia Bibi

Likizo ile nilikaa kijijini Igowole na bibi, sisi wawili tu. Bibi hakujua kusoma, na Kiswahili kilimpiga chenga, kwa hiyo kila asubuhi nilifungua Biblia na kumwambia kwa Kihehe yaliyoandikwa. Mimi ni mtu wa haya. Sikuwa na mwingine wa kuongea naye.

Asubuhi moja akaniuliza, "Mjukuu wangu, Kitabu kinasemaje juu ya baba yako mdogo? Alikufa hajabatizwa."

Nilipekua, sikuona kitu. Bibi alikuwa amenikazia macho, nikatunga: Mungu anawajua hata waliochelewa njiani. Bibi akalia kwa furaha. "Jumapili nitamwomba mwinjilisti awasomee watu wote," akasema.

Nilimwogopa mwinjilisti, lakini zaidi nilimwogopa Mungu, maana nilikuwa nimemlisha maneno. Jumamosi nikasema, "Bibi, yale hayamo. Ni yangu."

Aliendelea kumenya viazi. "Una huruma wewe," akasema. "Lakini maneno yako nayasikia kila siku. Nilitaka ya Mungu. Haya, soma yaliyomo."

Tulikuwa tumefikia orodha ndefu ya majina ya watu wa kale. Nikaisoma. Alisikiliza yote, akaitikia amina.

Tangu hapo, kila baada ya mstari aliniuliza, "Imeandikwa?"

"Imeandikwa, bibi."

Hatukuongea zaidi ya hapo mpaka shule ilipofunguliwa.