Besi Mtunguni

Niliyamwaga maji ya mamangu ya kufuturia. Nasema mapema, asije mtu akadhani nilisingiziwa. Ilikuwa Ramadhani ya joto, likizo ya Desemba. Mama aliujaza mtungi alfajiri, akauacha upoe, na alasiri akaenda kuuza viazi karai Kona ya Musa. Hatukuwa na friji.

Adui yangu alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha pili, mtu wa bara, mhudumu wa hoteli Diani. Redio yake ilinitetemeshea ukuta kila siku, na yangu aliicheka: "Hiyo ni redio ama ni nzi kwa kopo?" Sasa nilikuwa nimepata spika ya besi iliyochomolewa kwenye gari bovu, haina sanduku. Ukunda nzima yaijua dawa yake: mtungi mtupu. Nikayamwaga maji, nikailaza spika juu ya mdomo wa mtungi kama kifuniko, nikausukuma wote pembeni, penye ukuta wa mpangaji, nikawasha.

Hamna kitu. Pale katikati ya chumba nilipokaa, besi ilikuwa kikohozi cha mtu wa mbali, na spika zangu mbili ndogo zikienda zao. Nikabadilisha nyaya za besi, nyekundu ikaenda penye nyeusi. Lo! Spika zote zikashikana, muziki ukawa mmoja. Bado ilikuwa hafifu, nikaongeza sauti. Kumbe besi hupenda kuta: nyingi ilikuwa imehamia chumbani kwa mpangaji.

"We boyi! Zima hiyo kitu, nimetoka shifti ya usiku!"

"Kalale ufukweni na wazungu wako!"

Akaupiga ukuta ngumi. Nikaongeza tena. Sijapata kumchukia mtu kwa raha kama siku ile.

Adhana ya Maghrib ilimkuta mama ameshika kata, akiitazama spika. Alinipa jagi, akaunyooshea kidole mlango wa mpangaji, mwenye friji pekee nyumbani.

Alinifungulia kifua wazi. "Unataka nini, DJ?"

"Maji baridi."

"Anza na shikamoo."

Miezi yote ile sikuwahi kumwamkia. "Shikamoo."

"Sijasikia. Ongeza sauti."

"Shikamoo, kaka!"

Akalijaza jagi, akanifungia mlango usoni.

Mama alikunywa bilauri mbili bila kunitazama. Kisha akasema: "Kaswali. Halafu uitoe takataka yako, uuoshe mtungi mpaka uishe harufu ya gari. Na ukimchokoza tena yule kijana kabla sijanunua friji, utafuturu mate yako."