Mgeni wa Shavuni

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mungaa neno jipu halikutajwa mbele ya mwenye nalo. Bibi, mama yake baba, alisema ukiliita kwa jina linageuka na kuingia ndani. Sisi tulisema "mgeni". Mtu alichechemea kwenda kisimani kwa sababu ana mgeni pajani, na hakuna aliyecheka.

Mwaka mmoja ng'ombe wetu alikufa baada ya kuzaa, ndama akawa kazi yangu. Nilimnywesha maziwa ya ng'ombe mwingine kwa chupa ya soda yenye chuchu ya mpira, kabla ya shule na nikirudi. Siku moja akaikataa chupa. Shavu la kushoto lilikuwa gumu, la moto, kama ameficha kiazi.

"Baba, ndama ana ji..."

"We!" Bibi alinikatiza. "Ana nini?"

"Ana mgeni, bibi."

"Haya. Mgeni atashughulikiwa."

Baba akaja na wembe. Alitaka kupasua hapo hapo, maana ndama asiyenyonya hafiki mbali. Bibi akasimama katikati yao.

"Mgeni hata viatu hajavua, wewe unamfukuza? Atakimbilia ndani."

Baba akamgeukia mama amsaidie. Mama akasema maji ya moto yapo jikoni, mengine yeye hayumo.

Basi tukamkanda kwa kitambaa na maji ya chumvi. Maziwa nilimpa kidogo kidogo upande wa kulia, nikipenyeza chuchu kwenye kona ya mdomo, mengi yakiishia miguuni mwangu. Mbavu zikaanza kuonekana. Kila asubuhi Bibi alibonyeza shavu kwa kidole, akasema bado. Baba naye alikuwa akinoa kisu ambacho hakikuwa butu.

Asubuhi kidole kilipozama kwenye shavu lililolainika, Bibi alinituma kwa bwana mifugo, kijana mgeni kijijini.

"Shikamoo. Ndama wetu ana mgeni shavuni."

"Marahaba. Mgeni gani?"

Nikajaza hewa shavu langu la kushoto, nikalionyesha kwa kidole. Akacheka, akachukua mkoba wake.

Alimfunga ndama kamba, akanyoa manyoya, akapasua upande wa chini ili usaha ushuke wenyewe. Ulitoka mwingi, unanuka. Kisha akavuta kwa kibano mwiba mrefu wa mgunga.

"Kumbe mgeni alikuja na fimbo yake!" Bibi akasema. Hata baba alicheka.

Bwana mifugo akaosha kidonda, akachoma sindano. Alisema lingepasuliwa likiwa gumu, ndama angeumia bure na uchafu ungesambaa. Jioni ile ndama aliivuta chupa karibu initoke mkononi.

Sasa nina watoto wangu, na siamini kwamba jipu lina masikio. Lakini nadhani naelewa lile neno "mgeni" lilifanya kazi gani. Lilizuia mikono yenye haraka. Mtu hamkamui mgeni. Anamwekea maji, anamsubiri.

Juzi mwanangu wa mwisho alirudi na uvimbe shingoni, jirani kashika pini tayari.

"Acha," nikamwambia. "Huyo mgeni bado."

Jirani alinitazama kama nimechanganyikiwa. Mtoto akauliza, "Mama, ataondoka lini?"

"Akilainika tunakwenda zahanati," nikasema, nikabandika maji jikoni.