Kadi Zenye Majina Nyuma

"Yule mzee mfiche kadi zako," Verna wa nyumba ya pili alimwonya Tressa. "Anazinunua kwa senti, anauza kwa maelfu. Usimwone na viatu vile vilivyochakaa ukadhani ni maskini."

Jumamosi Tressa alitandaza vitu vya marehemu baba mkwe wake kwenye nyasi mbele ya nyumba, ili viuzwe. Mzee yule alifika kabla ya wanunuzi wote, akangoja kando ya barabara, kofia mkononi, mpaka alipokaribishwa. Hakutazama vyombo wala zana. Aliulizia makopo ya biskuti tu, maana humo ndimo watu wa huku walimoweka kadi zao za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, tangu utotoni. Alizishika kwa kingo, moja moja, kwa vidole vinene, na wala hakuangalia picha ya mchezaji. Kila kadi aliigeuza nyuma kwanza, akaiinamisha kwenye jua.

Tressa, mtoto kalala begani, alikuwa akifuta maandishi ya penseli ya watoto wa zamani nyuma ya kadi nyingine, ili zipate bei.

"Hizi nimekusafishia, mzee wangu."

Mkono wa mzee ukasimama. "Zilikuwa na majina?"

"Ya watoto waliokuwa wakibadilishana tu."

"Mdogo wangu aliandika lake kwenye zake zote," mzee akasema, kwa sauti ya taratibu. "Alipokwenda vitani mama akazigawa kwa watoto wa huku. Hakurudi."

Tressa akaweka kifutio chini. Mzee akamsogezea kopo.

"Macho yangu penseli hayaioni vizuri, binti. Zilizobaki, nisomee majina."