Baiskeli ya Jaku

Nyumba ya Bi Mize ilikuwa Kikwajuni, mjini Unguja, karibu na kiwanja cha mpira, na siku za mechi ua wake ulijaa baiskeli za watazamaji. Mjane yule alizipenda kelele zao, zilimwondolea ukiwa.

Mwaka 1971, baada ya mechi moja, kila mtu alichukua baiskeli yake isipokuwa Jaku, fundi cherahani wa Mpendae. Majirani walinong'ona kwamba watu wawili walimshika mkono langoni mwa kiwanja wakamtia garini. Nani hao, hapana aliyethubutu kuuliza. Bi Mize akaiingiza baiskeli ndani isinyeshewe, akawa anaipangusa kila asubuhi.

Miezi ikapita. Siku moja mwanamke akapiga hodi.

"Shikamoo, Bi Mize. Mie Mwanakheir, mke wa Jaku. Nimekuja kuuliza, siku ile aliichukua baiskeli yake?"

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Amana yenu nimeitunza."

Bi Mize alimwonesha kwa furaha, akidhani anamtua mzigo. Mwanakheir aligusa tandiko, akakaa chini.

"Nlikuwa nkijipa moyo kwamba kaipanda akakimbilia shamba," alisema, "kajificha kwa ndugu zake. Kumbe hata hakuifikia."

Bi Mize akamletea maji, mgeni hakuyanywa.

Mwanakheir aliondoka kwa miguu, baiskeli akaiacha. Mechi iliyofuata, watazamaji waligonga sana mlango wa ua. Bi Mize alikuwamo ndani, ila hakuwafungulia.