Koti la Futikamba na Vidonge vya Shemeji

Enzi hizo, kabla tumbo lake halijaanza kumtangulia kila aendako, fundi cherehani huyu alipewa jina la Futikamba. Alikuwa mwembamba na mrefu, na ile kamba ya kupimia ikining'inia shingoni, watu walisema hawajui ipi kamba na yupi mtu. Jina lilibaki, wembamba ukahama. Siku hizi wateja wakimwita huangua kicheko, naye hucheka nao, huku akivuta shati lifunike kitovu.

Aliyemtia mashakani ni binti yake. Zikiwa zimebaki wiki tatu aolewe, alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha cherehani ya marehemu mama yake, akasema, "Baba, sikuombi kitu kingine. Siku hiyo nivalie lile koti alilokushonea mama."

Koti hilo la buluu mkewe alimshonea yeye kwa ajili ya harusi yao wenyewe, mwaka ule walipoweka cherehani mbili zikitazamana, yeye suruali, mwenzake makoti. Futikamba alilijaribu chumbani, mlango kaufunga. Kifungo na tundu lake vilitazamana kwa mbali kama wakwe waliogombana.

Dawa ya kupunguza mwili, kopo zima la vidonge, aliletewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwenye saluni ya jirani. "Viwili asubuhi, viwili jioni. Wiki tatu shemeji utakuwa kijiti! Mteja wangu mmoja hata pete inamvuka kidoleni."

"Na huyo mteja yuko wapi nimuulize?"

"Maswali kama polisi! Wewe meza."

Hakumeza. Duka lile lilikuwa na mwiko, na aliyeuweka ni mkewe: kitambaa kigeni hakipitishwi mkasi mpaka kikatwe kipande cha pembeni, kilowekwe, kianikwe, kipigwe pasi. "Kikiwa dukani kila kitambaa kizuri," alikuwa akisema. "Kiulize maji." Na maji yalisema kweli: vingine vilinywea, vingine vilitoa rangi mpaka beseni likawa wino. Basi Futikamba akavaa miwani, akakunjua kikaratasi cha ndani ya kopo, akanakili majina yote kwenye karatasi ya kaki anayochorea vipimo. Yaliyomshinda kusoma aliyachora.

Asubuhi akaenda duka la dawa. Mfamasia alikuwa binti ambaye Futikamba alimshonea sare za shule tangu darasa la kwanza.

"Shikamoo, baba. Leo umeniletea nguo?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea majina. Niambie hawa ni watu gani."

Mfamasia akacheka, akasoma, akaacha kucheka. "Umeshavimeza?"

"Bado."

"Afadhali. Ile dawa ya presha unaendelea nayo?"

"Kila asubuhi."

"Sasa hiki cha tatu kinaukimbiza moyo, na wako sisi tunauambia utulie. Hapa wameandika mchanganyiko wa mimea. Mimea gani, kiasi gani, kimya. Na kopo halina namba ya usajili wala anwani ya kiwanda. Nguo isiyojulikana fundi wake, ikichanika utamrudishia nani?"

"Hamna nyingine ya kunipunguza kwa wiki tatu?"

"Kupungua kupo, baba, ila taratibu. Utembee, upunguze sahani, uwe unakuja tukupime. Kwa wiki tatu, labda unenepeshe koti."

Alirudi kwa miguu, mnyonge. Koti lilikwisha katwa, litanenepaje? Na buluu ile haiuzwi tena. Lakini fundi ni fundi. Alilipindua nje ndani ili ajue amezidi kiasi gani: inchi tatu kasoro. Miaka yote hiyo hakuwahi kulitazama ndani. Baina yake na mkewe ilikuwa marufuku kukaguana mishono. Koti alilipiga pasi kwa nje tu, na kwa adabu.

Kidole kikagusa mshono wa ubavuni. Mnene. Akafumua bitana, kile kitambaa cha ndani, kwa wembe. Ndani, kila upande, kitambaa kilikuwa kimekunjwa inchi moja na nusu na ushee, kikashikizwa kwa uzi mrefu mlegevu, ule wa kuvutwa mara moja ukatoka wote.

Ndipo ugomvi wake wa kwanza na mkewe, kabla ya harusi, ulipomrudia akilini. Kitambaa kilikuwa kimepungua, kizibao cha kuvalia ndani ya koti kikakosekana, naye akafoka kwamba mchumba wake hajui kukata. "Kingine kimekwenda wapi?"

"Kipo," alimjibu, akikata uzi kwa meno. "Kimelala." Kisha akamtazama kuanzia shingoni hadi kwenye mkanda, akacheka peke yake.

Futikamba alikaa kwenye kile kiti cha mkewe upande wa pili, koti mapajani, mpaka mteja akabisha hodi mara mbili.

Kopo alimrudishia shemeji, pamoja na maneno ya mfamasia. Shemeji akanuna siku mbili, ya tatu akalitupa.

Uzi aliuvuta, kitambaa kikakunjuka, akaushona mshono upya; siku ya harusi kifungo kilifunga. Ila mbavuni, palipokuwa pamekunjwa, pakaonekana mistari miwili ya buluu iliyokolea, kwani jua halikuwahi kuifikia. Binti akaupitishia kidole mstari mmoja.

"Baba, mbona hapa rangi nyingine?"

"Hiyo ndiyo yenyewe," akasema. "Siku ile lilikuwa hivyo lote."